Makofi yetu nayo huangusha ndege

Adhuhuri ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 2017, ndege ndogo ya viti viwili aina ya ICON A5 ilianguka kwenye maji ya Ghuba ya Mexico, jirani na mji wa New Port Richey, jimbo la Florida, Marekani. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu: Roy Halladay, mwenye umri wa miaka 40, mchezaji mstaafu wa besiboli aliyetamba na timu za Toronto Blue Jays na Philadelphia Phillies, na aliyetunukiwa mara mbili tuzo ya Cy Young, wanayopewa warushaji bora wa ligi kuu za huko. Hali ya hewa siku hiyo ilikuwa nzuri. Wachunguzi hawakukuta hitilafu kwenye injini wala kwenye mitambo ya kuiongoza ndege. Ndege yenyewe ilikuwa mpya, haijatimiza hata mwezi mmoja mikononi mwake. Ilikutwa imepinduka, tumbo juu, kwenye maji ya kina cha futi nne na nusu, ambayo mtu mzima akisimama humfika kifuani.

Ndege hiyo ilikuwa na chombo kinachorekodi mwenendo wake, na kumbukumbu zake ndizo zilizosimulia yaliyotokea. Safari nzima haikufika dakika 20. Rubani alipanda hadi karibu futi 1,900, kimo cha kawaida kabisa, kisha akashuka na kuifuata pwani. Alipita futi 36 juu ya maji. Alipita umbali wa futi 75 hivi kutoka kwenye nyumba za ufukweni. Wakati mmoja alikuwa futi 11 tu juu ya bahari, yaani mita tatu na ushei. Akawa anapanda ghafla, anakata kona kali, anashuka, anapanda tena. Mara ya mwisho alipanda hadi futi mia tatu na kitu, mwendo ukafifia, mabawa yakaacha kuibeba ndege, na pua ikaelekea majini. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilihitimisha mwaka 2020 kwamba chanzo kilikuwa uamuzi wa rubani mwenyewe wa kufanya sarakasi karibu na maji huku akiwa ameathiriwa na dawa, hadi ndege ikamponyoka mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kuirudisha mkononi.

Ajali ya namna hii ikitokea, iwe Florida au kwetu, husikika maneno mawili. Wapo wanaosema ni bahati mbaya, na wapo wanaosema ni uzembe wa rubani. Neno la kwanza humwondolea kila mtu lawama. La pili humtwika marehemu lawama zote, nasi tukaenda zetu. Yote mawili yana kasoro moja: yanaitazama safari ya mwisho peke yake. Rubani anayekufa kwa kuruka chini kwa mbwembwe, mara nyingi huwa amekwisha kuruka hivyo kabla, akatua salama, na waliomwona wakashangilia au wakanyamaza. Ajali ilianzia pale. Na kwa kuwa marehemu hafundishiki tena, hoja yangu ni kwamba wa kuulizwa maswali ni walio hai: wenye ndege, watengenezaji, wakubwa wa kazi, wasimamizi wa anga, na sisi tunaosimama chini tukiwa tumeinua simu kupiga picha.

Kwanza tuelewe kwa nini kimo ni uhai. Marubani hufundishwa tangu siku za mwanzo kwamba kimo ni akiba, kwa sababu kila futi iliyo chini ya ndege ni muda wa kurekebisha kosa. Ndege ndogo ikienda kwa mwendo wa noti 90 hukata mita 46 kila sekunde. Kitu kikiachiwa kutoka futi 36 hugonga chini baada ya sekunde moja na nusu. Kikiachiwa kutoka futi 11, haipiti hata sekunde moja. Binadamu anahitaji muda kama huo ili tu agundue kwamba kuna jambo limeharibika, achilia mbali kuamua la kufanya na kuinua mkono. Kona kali nazo zina hesabu yake. Ndege ikilala ubavu kwa nyuzi 60 huku ikishika kimo kilekile, mabawa hulazimika kubeba mara mbili ya uzito wake, na mwendo wa chini kabisa unaohitajika ili isianguke hupanda kwa asilimia 40 hivi. Mwendo uliokuwa unatosha sekunde chache zilizopita hautoshi tena. Aliyekosea kona hiyo akiwa futi 3,000 huisukuma pua chini, ndege ikashika mwendo, akateremka mamia ya futi, kisha akainuka na kwenda nyumbani kusimulia. Aliyekosea kosa hilohilo akiwa futi 300 hana hizo futi za kuteremka. Ujuzi ni uleule, mikono ni ileile, na ndege ni ileile. Kilichopungua ni nafasi.

Ndiyo maana teknolojia haikumwokoa Halladay. ICON A5 ilibuniwa makusudi isiwe rahisi kuingia kwenye mzunguko wa kuanguka unaoua marubani wengi wa ndege ndogo. Ina kipimo mbele ya rubani kinachomwonyesha jinsi mabawa yanavyokaribia kushindwa kubeba. Ni ndege inayotua majini, kwa hiyo hata maji si adui yake. Wahandisi walifanya sehemu kubwa ya kazi yao. Lakini hakuna mhandisi anayeweza kumtengenezea mtu futi ambazo yeye mwenyewe ameamua kuzitupa. Na kuruka chini huleta hatari nyingine ambazo juu hazipo kabisa: nyaya za umeme zisizoonekana mpaka umezifikia, minara, ndege wa angani, na maji matulivu ambayo humdanganya rubani asijue kama yako mita 10 au mita tatu chini yake.

Hapo ndipo swali linapojitokeza. Mtu mwenye leseni, mwenye saa zaidi ya 700 za kuruka, anayeyajua haya yote, kwa nini afike futi 11? Jibu moja limo kwenye kumbukumbu za safari zake za nyuma. Takriban wiki mbili kabla ya ajali, ndege hiyohiyo ilipitishwa chini ya daraja la Sunshine Skyway, kwenye Ghuba ya Tampa. Ilipita, haikuanguka. Katika mitandao ya kijamii mwenyewe alieleza raha ya kuruka karibu na maji akiifananisha na kurusha ndege ya kivita, na mashabiki wake walifurahi pamoja naye. Picha na video zilizotumika kuinadi ndege hiyo nazo zilijaa mandhari ya namna hiyo, ndege ikiteleza juu ya ziwa jua likizama. Mtu anayetua salama baada ya kupita chini ya daraja hajifunzi kwamba amebahatika. Hujifunza kwamba anaweza. Safari inayofuata huanzia pale ile ya kwanza ilipoishia, na safari zilizokwisha salama hugeuka ushahidi wa uongo unaomshawishi yeye na kuwashawishi wanaomzunguka. Wahenga walisema mazoea hujenga tabia, na kwenye chumba cha rubani tabia ikishajengeka hubomolewa kwa nadra sana bila mtu wa nje kuingilia.

Mfano unaolionyesha jambo hili kwa uwazi wa kutisha unatoka jeshini, na ndege yake haikuwa ndogo hata kidogo. Tarehe 24 Juni 1994, katika kambi ya anga ya Fairchild, jimbo la Washington, ndege kubwa ya mabomu aina ya B-52 ilikuwa ikifanya mazoezi ya maonyesho. Rubani wake, Luteni Kanali Arthur Holland, aliikunja kona kuuzunguka mnara wa waongoza ndege kwa kimo cha futi 250 hivi, ikalala kupita kiasi, ikaanguka, na maafisa wanne waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulipofukua ya nyuma, ilibainika kwamba kwa muda wa miaka mitatu hivi afisa huyo alikuwa akivunja mipaka hadharani: kwenye maonyesho, kwenye sherehe, na miezi michache kabla, kwenye uwanja wa mazoezi wa Yakima, alipoivusha B-52 juu ya kilele cha mlima kwa nafasi ya futi chache tu huku kamera zikirekodi. Wakubwa wake waliona. Baadhi walimwonya kwa mdomo, wengine walimsifu kwa ustadi, na kamanda mmoja alipobadilishwa, aliyefuata hakuambiwa. Kiongozi wa kikosi, Luteni Kanali Mark McGeehan, aliomba Holland asimamishwe kuruka. Alipokataliwa, aliamua kwamba hatamruhusu kijana wake yeyote aruke na mtu huyo asipokuwapo yeye mwenyewe. Siku ya ajali alikuwa amekaa kiti cha pili, akafa naye.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mkubwa aliyeogopa kumnyang'anya rubani hodari leseni yake kwa wiki chache aliishia kusaini barua za rambirambi. Na tuangalie vizuri: katika mkasa ule hakukosekana sheria, wala ushahidi, wala mtu mmoja mwenye ujasiri wa kusema. Kilichokosekana ni ngazi ya juu yake kumsikiliza. Jeshi la anga la Marekani lilimfikisha mahakamani kanali mmoja kwa kutotimiza wajibu wake wa usimamizi, naye akakiri kosa. Hukumu ile naiona kuwa ya maana kuliko kurasa zote zilizoandikwa kuhusu tabia ya Holland, kwa sababu ilitamka rasmi kwamba anayefumbia macho naye ana mkono wake.

Kuna watakaonijibu kwamba kisa cha Halladay hakinifai, kwa kuwa mwilini mwake kulikutwa kiwango kikubwa cha amfetamini, pamoja na mofini na dawa nyingine, ikiwamo ya usingizi. Tatizo, watasema, ni dawa, na kuruka chini ni matokeo tu. Ni hoja nzito, na wachunguzi wenyewe waliipa uzito wake. Dawa zinaweza kueleza kwa nini busara ilimtoka siku ile. Lakini miezi sita kabla, tarehe 8 Mei 2017, ndege nyingine ya aina hiyohiyo iligonga ukingo wa korongo kwenye Ziwa Berryessa, California. Aliyekuwa akiirusha ni mmoja wa wahandisi wakuu wa kampuni iliyoitengeneza, rubani wa majaribio mwenye maelfu ya saa hewani, mtu aliyeijua ndege hiyo kuliko karibu kila mtu duniani. Wachunguzi waliona kwamba aliingia kwenye korongo ambalo silo, akiwa chini, milima ikiwa imemzunguka, na alipogundua hapakuwa na kimo cha kuipita wala upana wa kugeuka. Alikufa yeye na mfanyakazi mwenzake aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa. Huyu hakuwa amelewa chochote. Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, dawa zimo upande mmoja tu. Kuruka chini kumo pande zote mbili.

Tena kisa cha Berryessa kinaonyesha jinsi onyo linavyoweza kutolewa na lisisikike. Mwezi Oktoba 2017, baada ya kuomboleza watu wake, kampuni ilitoa mwongozo kwa wateja wake kuhusu kuruka kwenye kimo kidogo, ikiwashauri wasishuke chini ya futi 300 ovyo na wajiandae kwanza. Wiki chache baadaye Halladay alikuwa amekufa. Mwongozo si mbaya. Ila mwongozo unaotumwa kwa barua huku matangazo yakiendelea kuuza ndoto ya kuteleza juu ya maji hushindana na adui aliye nyumba moja naye. Anayeuza chombo hawezi kunadi hatari kwa picha na kuikanya kwa maandishi madogo.

Wengine husimamia uhuru. Mtu mzima, ndege yake, bahari tupu: amemkosea nani? Hata sheria ya Marekani inawapa mlango wa kupitia. Juu ya mji, rubani anatakiwa awe futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kilicho karibu. Kwingineko futi 500. Lakini juu ya bahari wazi na mahali pasipo na watu, hakuna kimo cha chini kilichowekwa, mradi asimkaribie mtu, chombo au jengo chini ya futi 500. Maana yake ni kwamba futi 11 juu ya maji matupu zinaweza kuwa halali kabisa. Naielewa nia ya kutoibana anga tupu, ila kwa maoni yangu mwanya huo ni mpana mno, kwa sababu bahari ya pwani haiwi tupu kwa muda mrefu. Siku ile palikuwa na nyumba umbali wa futi 75, na wenye boti walioiona ndege na kuipiga picha. Kule Berryessa palikuwa na mtu wa pili kitini ambaye hakushika usukani. Na tarehe 3 Februari 1998, karibu na Cavalese kaskazini mwa Italia, ndege ya kivita ya Marekani iliyokuwa ikipita bondeni chini sana kuliko ilivyoruhusiwa ilikata waya wa kibanda kinachopandisha watu mlimani. Watu 20 waliokuwa ndani ya kibanda waliporomoka na kufa wote, na ndege ikarudi kambini. Mkanda wa video uliorekodiwa ndani ya ndege ile uliharibiwa baadaye, na hilo ndilo lililowafukuzisha kazi rubani na mwenzake, si vifo vyenyewe. Uhuru wa rubani unaishia pale mtu mwingine anapoweza kuulipia.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa watu wa kazi. Zipo shughuli zisizofanyika kutoka juu. Ndege zinazonyunyizia dawa nzige na kwelea kwelea katika ukanda wetu, zikiwamo za shirika la kikanda la kupambana na nzige wa jangwani, hupita juu kidogo tu ya mimea au ya miti waliyolala ndege hao waharibifu. Wanaohesabu wanyama katika mbuga zetu huruka futi 300 hadi 400 hivi kutoka ardhini, mistari iliyonyooka, saa baada ya saa, na waangalizi wakitaja idadi dirishani. Doria dhidi ya majangili hushuka chini zaidi. Hata rubani wa ndege ya watalii, akikuta pundamilia wametandaa kwenye kiwanja cha vumbi, hupita chini mara moja kuwatimua kabla ya kutua. Tukikataza kuruka chini moja kwa moja, tumeiua kazi hiyo yote.

Sikatai, na Serengeti yenyewe inatukumbusha gharama yake. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani wawili waliokuja na ndege aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, walihesabu wanyama wakubwa wa Serengeti kutoka angani na kupata 366,980. Ilikuwa kazi ya kwanza ya aina yake pale, na mengi tunayoyajua leo kuhusu njia za nyumbu yalianzia huko. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, akiwa na miaka 24, alikuwa akiruka peke yake pale tumbusi alipoligonga bawa la ndege. Ndege ikaanguka, naye akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na maelfu ya watalii hupita hapo kila mwaka. Hakuwa akifanya mbwembwe. Tumbusi hana ratiba, na anga anayoitumia ni ileile anayoihitaji mhesabu wanyama. Lakini angalia tofauti. Kazi hiyo ilikuwa na sababu ambayo ingeweza kuelezwa kwa sentensi moja mbele ya mtu yeyote, na tangu wakati huo taaluma yenyewe imejiwekea masharti: kimo maalumu kinachopimwa kwa chombo, ramani ya nyaya na vilima, mwendo usiobadilika, hakuna kona kali chini, rubani asiyehesabu na mhesabu asiyerusha. Watu wa kazi ndio wanaoogopa kimo kidogo kuliko wote. Anayekiona kuwa mchezo ni yule asiye na sababu ya kuwa pale. Kipimo changu basi ni chepesi: kabla ya kushuka chini ya kimo cha kisheria, rubani aweze kusema anakwenda kufanya nini, nani ameidhinisha, na amejiandaaje. Asiyeweza kujibu abaki juu.

Limebaki pingamizi la kwetu kabisa, ambalo huko Marekani halisemwi kwa sauti kama hapa. Marehemu hasemwi. Kazi ya Mungu haina makosa. Familia imo msibani, na wewe unaleta mambo ya futi na nyuzi. Adabu hiyo ni ya thamani, na mwandishi anayeikanyaga kwa makusudi hastahili kusomwa. Hata hivyo, kueleza chanzo si kumtukana aliyekufa. Kiambatisho namba 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao nchi zetu zimeuridhia, kinasema wazi kwamba lengo la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia nyingine, wala si kugawa lawama. Ndiyo sababu ripoti ya Halladay imechapishwa, na yeyote anaweza kuisoma futi kwa futi. Matokeo ya uchunguzi wa mwili wake yalitangazwa mapema mwaka 2018, na bado mwaka 2019 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli. Heshima yake ya uwanjani haikuondoka kwa sababu watu walijua alivyokufa. Kwetu ripoti nyingi za ajali za ndege ndogo hazimfikii mwananchi, na zikitoka hutoka kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mamlaka zetu zingefanya jambo la maana kama zingechapisha angalau muhtasari wa Kiswahili wa kila ripoti. Mama aliyempoteza mwanawe ana haki ya kuelewa kilichomuua bila kutafuta mkalimani.

Sheria tunazo. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambazo ndizo msingi wa kanuni za Tanzania, Kenya na Uganda, zinamtaka rubani anayeruka kwa kutazama kwa macho awe angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu anapopita juu ya mji au mkusanyiko wa watu, na mita 150 kutoka ardhini au majini kwingineko, isipokuwa anapopaa, anapotua au anapokuwa na kibali. Shida yetu ni kwamba tunaiona sheria ikivunjwa na tunafurahi. Msimu wa kampeni helikopta hushuka juu ya umati, vumbi linatimka, kofia zinapeperuka, na mgombea anayeshuka kwa kishindo zaidi ndiye anayeonekana ana nguvu. Ufukweni, video ya ndege iliyopita juu ya vichwa vya waogeleaji husambaa WhatsApp kabla rubani hajazima injini, na chini yake kuna vicheko na alama za moto. Ndani ya ndege ya mbugani, abiria akimwomba rubani ashuke kidogo ili simba waonekane vizuri, anamwomba atoe akiba ambayo ni ya wote waliomo. Rubani kijana anayetafuta jina hulazimika kuwa na shingo ngumu sana kukataa yote hayo, na si haki kumwachia shingo yake peke yake.

Kwa hiyo ninadai mambo yafanyike siku rubani anapovunja kimo kwa mara ya kwanza, ndege ikiwa nzima na kila mtu akiwa hai. Mwenye kampuni amsimamishe kuruka, hata kama ni rubani wake bora na msimu wa watalii umefika. Klabu ya marubani isimpe kiti cha mbele kwenye hafla. Mamlaka za anga zichukulie video ya mtandaoni kuwa ni taarifa ya kufanyia kazi, kwa sababu siku hizi ushahidi wa kimo hauhitaji mpelelezi. Wapo mashuhuda, zipo simu, na ndege nyingi ndogo hubeba vifaa vinavyorekodi zilipopita. Adhabu ya mapema iwe ndogo lakini iwe ya hakika: wiki kadhaa chini, mtihani upya, jina lake kwenye kumbukumbu ambazo mwajiri ajaye ataziona. Kule Fairchild jambo hilo la mwisho peke yake, kumbukumbu inayomfuata rubani kutoka kwa kamanda mmoja hadi mwingine, lingetosha kuokoa watu wanne.

Na msomaji naye ana sehemu yake. Kila ndege ya kiraia imeandikwa alama za usajili ubavuni au chini ya bawa: zinaanza na 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9XR kwa Rwanda. Ukiona ndege imepita juu ya mapaa au juu ya waogeleaji pasipo sababu, zisome alama hizo, andika saa na mahali, kisha ipelekee mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako video hiyo kabla hujaituma kwenye kundi la marafiki.